Pangani au Muheza? Mto, historia na matunda ya Tanga kwa mwenye siku mbili tatu

Mwenye siku mbili tatu za mapumziko, anayetaka mji mdogo wenye mto, wenye historia ya kuonekana kwa macho na matunda ya kula mpaka aseme basi, mkoa wa Tanga unamtosha. Ugumu huanza pale anapouliza ashukie wapi. Mara nyingi hutajiwa miji miwili: Pangani, iliyokaa mdomoni mwa mto unaotiririka kutoka Kilimanjaro na Meru, na Muheza, mji wa machungwa chini ya milima ya Usambara Mashariki. Iko jirani, kama kilomita 45 kutoka mmoja hadi mwingine, lakini si miji inayofanana, na mtu anaweza kuridhika kabisa na mmoja, na kwenye mwingine akaondoka ananung'unika kwamba hakuona kitu.

Msimamo wangu niutoe mapema. Kwa mto na historia, Pangani haina mpinzani katika pwani hii ya kaskazini. Kwa matunda, Muheza ndiyo yenyewe, ila ukienda mwezi usio wake utakuta majani matupu. Kwa hiyo fungua kalenda kabla ya kufungua ramani.

Kalenda kwanza

Machungwa ya Muheza hushika kasi masika yakishaisha, kuanzia Juni hivi, na Julai na Agosti ndipo mji mzima unakuwa soko. Kuna msimu mwingine mdogo mwishoni mwa mwaka, ambao huwahi kuingiliana na embe. Embe zenyewe, dodo na bolibo na sindano, huja Novemba mpaka Januari, na hizo utazikuta pande zote mbili. Fenesi huonekana sana kwenye barabara ya kupandia Amani, kwenye msitu wa mlimani juu ya Muheza.

Pangani hoja ni nyingine. Zao lake kubwa ni nazi, na mnazi haungoji msimu. Inua macho uutazame mnazi mmoja tu uliokomaa: juu kabisa kuna maua, chini yake vidaka, kisha vitale, kisha madafu, kisha koroma, na chini kabisa nazi zilizokauka zinazomngoja mkwezi, vyote kwenye mti mmoja siku hiyo hiyo. Ndiyo maana anayesafiri Februari au Oktoba, asiyeweza kuchagua likizo yake iangukie lini, mimi humwambia aende Pangani bila kusita.

Machi mpaka Mei ni masika, na hapo ushauri wangu ni kuahirisha safari kama inawezekana. Barabara ya Amani huteleza, na Pangani mto hushuka na matope mpaka bahari mbele ya mji inakuwa rangi ya chai ya maziwa.

Mto: hapa hakuna ushindani

Muheza mjini hapana mto wa kukaa kando yake ukatazama vyombo vikipita. Mto wake ni Zigi, na uko njiani kwenda Amani: maji baridi, safi, yanayoruka juu ya mawe makubwa chini ya msitu. Ni mto wa kutazama na kulowesha miguu. Unateremka mpaka bwawa la Mabayani, na maji hayo ndiyo yanayonywewa na watu wa jiji la Tanga. Mzazi mwenye watoto wadogo huenda akaupenda kuliko ule wa Pangani.

Mto Pangani ni habari nyingine kabisa. Unapofika mjini umeshasafiri karibu kilomita 500. Maji yake yamekusanywa kwenye bwawa la Nyumba ya Mungu, yamepita nyikani, yamepita Korogwe, yamezungusha mitambo ya umeme ya Hale, ambayo ni ya mwaka 1964, na ile ya Maporomoko ya Pangani ya megawati 68 iliyowashwa mwaka 1995. Baada ya kazi yote hiyo unatulia, unapanuka, na kuingia baharini taratibu kati ya mji upande wa kaskazini na kijiji cha Bweni chenye kilima chake upande wa kusini. Kivuko kinakwenda na kurudi siku nzima na watu, baiskeli, pikipiki na magari. Hata kama huna shughuli Bweni, vuka. Ukiwa katikati ya mto ndipo unapouona mji ulivyokaa, nyumba zake za zamani zimeuelekea mto kwa sababu biashara yote iliingia na kutoka kwa njia hiyo.

Kodi mashua jioni upande mto juu. Mapatano yafanyike kabla ya kupanda: bei ni ya chombo au ya kichwa, ni saa ngapi, na mafuta ni ya nani. Kilomita chache za mwanzo ni mikoko, halafu mikoko inapungua na minazi inachukua kingo zote mbili. Utaona mdiria akijirusha majini, utaona mitumbwi ya wavuvi, na nahodha akiwa na macho mazuri atakuonyesha mamba kabla wewe hujamtofautisha na gogo.

Muulize pia nahodha kuhusu chumvi. Maji mengi ya mto huu hutumika juu, kwenye mashamba ya umwagiliaji ya Arusha na Kilimanjaro, na mto unapopungua nguvu bahari hupanda ndani kuliko zamani. Wakulima wa kando ya mto wanaliona hilo kwenye mimea yao, na wavuvi wanaliona kwenye aina ya samaki wanaonasa. Mtalii anayelipia safari ya jioni asiishie kupiga picha machweo. Asikilize na haya, maana mto anaoufurahia unabadilika, na wenyeji wanayajua mabadiliko yake kwa undani.

Historia: nyumba za mawe au reli na maabara?

Pangani historia iko mitaani. Katika karne ya 19 hapa ndipo misafara ya pembe za ndovu na ya watumwa ilipotokea baharini ikitoka njia ya Kilimanjaro na Umasaini. Kingo za mto zilijaa mashamba ya miwa yaliyolimwa na watumwa, na wenye mashamba walikuwa Waarabu wa mji huu. Richard Burton na John Speke walipita hapa mwaka 1857 wakielekea Usambara, kabla ya safari yao kubwa ya Tanganyika.

Lakini jina linaloupa mji huu uzito ni Abushiri bin Salim al-Harthi, mwenye shamba la miwa aliyegeuka kuwa kiongozi wa vita. Agosti 1888 kampuni ya Wajerumani ilikuja kuchukua utawala wa mwambao iliokodishiwa na Sultani wa Zanzibar. Mwakilishi wake Pangani, Emil von Zelewski, alilazimisha bendera ya kampuni ipandishwe, akaudharau mji na heshima yake, na watu wakainuka. Ilianzia hapa, ikaenea mwambao wote. Katika vurugu hizo hizo, wasafiri wawili wa Ulaya, Hans Meyer na Oscar Baumann, walikamatwa na watu wa Abushiri walipokuwa wakirudi kutoka Usambara, wakaachiwa kwa fidia ya rupia 10,000. Meyer huyo huyo ndiye aliyefika kilele cha Kilimanjaro mwaka uliofuata. Zelewski naye alikwisha Lugalo mwaka 1891, mikononi mwa Wahehe wa Mkwawa. Abushiri hakuwahi kuiona siku hiyo: alisalitiwa, akakamatwa, na akanyongwa hapa Pangani tarehe 15 Desemba 1889.

Ukitembea na mwenyeji anayeyajua hayo, mji mdogo unaoweza kuumaliza kwa miguu asubuhi moja unakuwa mkubwa. Boma lilianza kama nyumba ya Mwarabu wa Oman, Wajerumani wakaliongezea, na milango yake ya nakshi bado inastahili kusimama mbele yake. Wenyeji husimulia kwamba watumwa walizikwa hai chini ya nguzo zake ili jengo liwe imara. Kuna forodha ya zamani kando ya mto, na kuna mtaa wa maduka ya Wahindi wenye baraza na roshani. Baadhi ya nyumba hizo zimeanguka, nyingine zinaegemea. Inauma kuziona, na sioni aibu kusema hivyo. Kila mwaka unaopita bila matengenezo ya chokaa na mbao ni mwaka ambao mvua inafanya kazi yake. Kama unanuia kwenda Pangani siku moja, usiichelewe.

Njia ya kutoka Tanga mjini inakuongezea kitu kingine. Kabla ya kufika utapita Tongoni, penye magofu ya msikiti na makaburi zaidi ya 40 ya karne ya 14 na 15, mengine yana nguzo. Mwaka 1499 Vasco da Gama, akirudi kutoka India, aliichoma moto merikebu yake moja, São Rafael, katika maji ya upande huu, kwa kuwa kiseyeye kilikuwa kimemmalizia mabaharia na waliobaki hawakutosha kuziendesha zote. Shuka hapo hata kwa nusu saa.

Muheza nayo ina historia yake, ila haisimami mbele yako kwenye njia kuu. Inabidi uifuate. Reli ya kwanza ya Tanganyika ilianza kujengwa Tanga mwaka 1893, ikafika Muheza 1896, ikachukua miaka sita mingine kufika Korogwe. Nje kidogo ya mji kuna Magila, ambako wamisionari wa Kianglikana wa UMCA waliingia tangu miaka ya 1860, na Wabondei wengi wa kizazi cha kwanza cha kusoma walipitia mikononi mwao. Na juu mlimani kuna Amani, ambako Wajerumani walifungua taasisi ya utafiti wa mimea na kilimo mwaka 1902, wakapanda miti kutoka kila pembe ya dunia ya joto kuona ipi itawafaa. Vita Kuu ya Kwanza ilipowafungia bahari, Amani ndiyo iliyowatengenezea kwinini. Baadaye ikawa kituo cha utafiti wa malaria.

Kuna uzi mmoja unaoiunganisha miji hii miwili, na watu wengi hawaujui. Katani ya Afrika Mashariki ilianzia Kikogwe, ng'ambo ya mto Pangani. Mwaka 1893 Dkt. Richard Hindorf aliagiza miche kama 1,000 kutoka Florida, ikafika hai 62 tu, ikapandwa hapo, na kutokana na hiyo yakaota mashamba yaliyotawala mkoa huu kwa miongo mingi. Vituo vya Amani na Mlingano, vyote vya wilaya ya Muheza, ndivyo vilivyotoa katani chotara namba 11648 ambayo hadi leo inalimwa nchi kadhaa. Ukipita kati ya miji hii miwili, safu zile za mimea ya majani kama mikuki zikukumbushe miche ile 62.

Kwa hiyo nani aende wapi? Anayependa kusimama mbele ya ukuta akaambiwa "ni hapa", aende Pangani. Anayependa sayansi, reli, mimea na habari za utafiti, Muheza na Amani zitamshibisha zaidi, ilimradi awe na usafiri na subira.

Matunda: Muheza inavyokula kiganjani

Sasa tufike kwenye jambo linalowapeleka wengi. Chungwa la Muheza linamshangaza mgeni kwa rangi yake. Ni la kijani, pengine kijani kilichochanganyika na manjano, na anayetoka mbali hudhani limechumwa bichi. Halikuchumwa bichi. Usiku wa huku ni wa joto, na bila baridi ile rangi ya kijani ya ganda haivunjiki hata tunda likiiva kabisa. Machungwa ya nchi zenye kipupwe kikali hugeuka rangi kwa ajili ya baridi, si kwa ajili ya utamu. Kwa hiyo usichague kwa rangi. Lishike mkononi: chungwa zuri ni zito kuliko umbo lake linavyoonyesha, na ganda lake ni jembamba na laini. Lile jepesi lenye ganda nene litakuachia makapi mdomoni. Litazame pia kama lina kidoa kilicholegea chenye tundu dogo katikati, hapo nzi wa matunda ametaga. Nzi huyu ni mgeni kutoka Asia, alionekana Kenya kwa mara ya kwanza mwaka 2003 na hakuchelewa kuvuka mpaka. Mitego utakayoiona imening'inizwa kwenye michungwa ni kwa ajili yake.

Namna ya kulila ni ile ya kwetu. Muuzaji anamenya kwa kisu kikali, ganda linatoka utepe mmoja mrefu, anaacha ile nyama nyeupe ili tunda lisipasuke, anakata kifuniko juu, anakupa. Unaminya huku unafyonza. Salamu huja kabla ya biashara. Ukimkuta mama mtu mzima kwenye meza yake, "Shikamoo mama" inafungua zaidi ya mkoba. Atakuitikia marahaba, na kabla hujauliza bei atakwambia, "Onja kwanza, mwanangu."

Lakini usiishie barabarani. Uzuri wa Muheza uko vijijini, Mkuzi, Bwembwera, Kilulu, Songa, Kicheba, ambako michungwa imepandwa pamoja na minazi, mihogo na mahindi. Omba kwa adabu kupitia mwenyeji au ofisi ya kijiji utembezwe shamba, na ulipe kitu. Mkulima atakuonyesha mti wa kubebesha: chini ni shina la limau, ambalo mizizi yake ni migumu, juu ni kikonyo cha Valencia au aina nyingine tamu, na mahali vilipoungana panaonekana kama goti. Msimu ukipamba moto utakuta malori yanapakia, mengine ya wanunuzi wa kutoka Kenya, na vijana wanahesabu machungwa kwa kasi ambayo jicho halifuati. Hapo ndipo utaona pia kilio cha mkulima: chungwa halihifadhiki muda mrefu, wote wamevuna pamoja, na mwenye lori ndiye mwenye neno. Ukinunua shambani, usibishane na mkulima kwa shilingi mia. Bei utakayomlipa kwa furaha bado itakuwa nafuu kuliko ya sokoni Dar.

Mbali na machungwa kuna machenza, malimau, mabalungi, ndizi za aina nyingi, na ukipanda Amani kuna viungo: iliki, mdalasini, karafuu, pilipili manga. Kwa mpenda matunda, siku ya Julai Muheza ni sikukuu.

Pangani kwa matunda haifiki hapo, na sitaki kuidai. Ina nazi, embe, mapapai, na matunda mengine yanayoletwa sokoni kutoka Muheza yenyewe. Ila nazi yake ni utamaduni mzima. Dafu likishanyweka, mwambie muuzaji alipasue. Atakukatia kipande cha kumbi kiwe kijiko chako cha kukomba ile nyama laini. Utaona mbata zikianikwa, makuti yakisukwa, na chakula karibu chote kimepita kwenye tui. Mashambani ukiona minazi iliyobaki nguzo bila kichwa, huenda umeona kazi ya kunyong'onyea, ugonjwa uliotafuna minazi ya mwambao wetu: nazi changa hupukutika, makuti hugeuka manjano, halafu kichwa chote kinaanguka. Mti wa mnazi mrefu huchukua miaka kuzaa, kwa hiyo familia iliyopoteza shamba haikupoteza msimu mmoja tu.

Siku ya pili: bahari au msitu

Kwa wengi uamuzi huishia hapa. Ukilala Pangani, siku ya pili ni ya Ushongo, ufukwe wa ng'ambo ya mto, na Maziwe, kisiwa cha mchanga kilicho hifadhi ya bahari tangu mwaka 1975. Zamani kilikuwa na mivinje. Yote ilikwisha zaidi ya miaka arobaini iliyopita, na leo ni fungu la mchanga linaloibuka maji yakitoka. Kwa hiyo saa ya kuondoka hupangwa na bahari. Uliza maji hutoka saa ngapi siku hiyo, na ukiambiwa alfajiri, amka. Kasa hutaga pale, na kwa kuwa maji yanafunika mchanga, mayai huhamishiwa Ushongo yaanguliwe salama. Kutazama samaki kwenye matumbawe ni raha, lakini usiyakanyage.

Ukilala Muheza, siku ya pili ni Amani. Ni mwendo wa kama kilomita 30 na kidogo, na sehemu ya mwisho, kuanzia lango la Zigi, ni barabara ya mawe na kona nyingi. Gari la juu linafaa zaidi, na bodaboda wanaifanya kila siku. Pale Zigi kuna nyumba ya zamani ya stesheni, iliyobaki kutoka reli ndogo ya kubebea magogo na mazao, sasa inatumiwa na hifadhi. Kiingilio hulipwa kwa TFS, wakala wa misitu wa serikali, na Mtanzania hulipa kidogo akiwa na kitambulisho. Juu, mita 900 hivi kutoka usawa wa bahari, hewa inabadilika, jioni unavaa sweta. Mvua ya huko ni karibu milimita 1,900 kwa mwaka, na msitu unaonyesha. Ni hapa Usambara ambako ofisa wa Kijerumani, Walter von Saint Paul-Illaire, alichukua mbegu za ua dogo la urujuani, liitwalo African violet, mwaka 1892, na leo linauzwa kwenye vyungu duniani kote huku kwetu likiwa limebaki kwenye miamba yenye kivuli. Mwombe mwongozaji akuonyeshe likiwa kwao. Usilichume.

Wazee na wagonjwa wa magoti wataipata Pangani rahisi zaidi, kwa kuwa mji ni tambarare. Vijana wanaopenda kutembea msituni wataipenda Amani. Wenye watoto, ningewapeleka Muheza wakati wa machungwa na Ushongo nyakati nyingine.

Kufika, kula, kulala

Muheza ni rahisi. Iko kwenye barabara ya lami ya Segera–Tanga, na basi lolote la Dar–Tanga au Arusha–Tanga linakushusha. Pangani inahitaji gari la pili, kutoka Tanga mjini au kutoka Muheza. Barabara ya mwambao kutoka Tanga kupitia Pangani kwenda Saadani na Bagamoyo imekuwa ikijengwa kwa lami pamoja na daraja la mto Pangani, kwa hiyo kabla ya kuondoka uliza hali ya njia kwa dereva anayeipita wiki hiyo, usitegemee maelezo ya mwaka juzi.

Nyumba za wageni za bei ya kawaida ziko kote. Pangani ina pia hoteli za ufukweni, nyingi za upande wa Ushongo. Kwa chakula, Pangani inashinda waziwazi: samaki wa kupaka, pweza, kamba wa mtoni, wali wa nazi, na asubuhi vitumbua na chapati karibu na kivuko. Muheza ukipata bahati ya kukaribishwa nyumbani kwa Wabondei, omba bada, ule ugali wa muhogo, na samaki mkavu wa kuchomwa. Migahawani si rahisi kuupata ukiwa mzuri.

Pangani ni mji wa Kiislamu wenye haya yake. Nguo za ufukweni zibaki ufukweni, na Ijumaa mchana usitegemee kupata mwongozaji mpaka watu watoke msikitini.

Kuna wanaouliza habari za Korogwe, kwa kuwa mto huo huo unapita pale na njia kuu pia. Korogwe ni pazuri pa kupumzikia na kununua matunda yanayoshushwa kutoka milimani, ila kwa mapumziko ya siku mbili isingekuwa chaguo langu. Historia yake imetawanyika, na mto mjini hauna vyombo wala shughuli ya kukushikilia.

Ukiwa na gari na siku tatu

Basi usichague. Fika Muheza jioni ya siku iliyotangulia, lala, na siku ya kwanza panda Amani alfajiri na ushuke jioni. Siku ya pili asubuhi pitia shamba la machungwa kabla jua halijawa kali, kisha chukua barabara ya kwenda Pangani, ufike kabla ya saa za jioni za mashua. Siku ya tatu tembea mji na mwongozaji wa hapo hapo, halafu rudi kwa njia ya Tongoni. Nimeipanga hivyo kwa makusudi: ukianza na Pangani, uvivu wa mtoni utakushinda na Amani hutaiona.

Machungwa ya kubeba nyumbani nunua siku ya kuondoka Muheza na uyaweke kwenye wavu au tenga lenye hewa. Mfuko wa plastiki uliofungwa ndani ya gari la moto utayaozesha kabla hujafika Chalinze. Nazi nunua Pangani, zilizokauka, na utikise kila moja sikioni. Inayolia maji ichukue, iliyo kimya iache, na ukiona unyevu au ukungu kwenye yale macho matatu mrudishie muuzaji akubadilishie.